Zamu ya Neema Kwenye Bakuli

Ramadhani aliponipigia simu kuniambia kwamba Mama Mkubwa ametutoka, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wake wala sauti yake. Kilikuwa bakuli. Bakuli la bati, jeupe, lenye mstari wa buluu ukingoni na kovu jeusi pale rangi ilipobanduka, lililoegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa ua, nyumbani kwake Kasingirima, Ujiji. Niliona aibu. Mtu aliyenilea amefariki, na mimi nawaza chombo. Lakini nilipopanda treni Morogoro na safari ile ndefu ikaanza, nikijua kabisa kwamba nitafika ameshazikwa, bakuli liliendelea kunifuata stesheni hadi stesheni, mpaka nikaacha kushindana nalo.

Nilifikaje kwa Mama Mkubwa na kwa nini sikurudi kwetu, hiyo si habari ya leo. Itoshe kusema kwamba mwaka ninaoukumbuka nilikuwa kidato cha pili, na pale nyumbani tulikuwa wanne: Mama Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa ananunua dagaa mwaloni, wavuvi wanapotua, na kuwaanika, mwanawe mkubwa Ramadhani, fundi cherehani mwanafunzi kule Mwanga mjini Kigoma, mimi, na Shabani, kitindamimba, aliyekuwa hajaanza shule na aliyejua kutukana kwa Kiha kabla hajajua kusoma. Chakula chetu kikuu kilikuwa cha jioni, jua likiwa bado lipo. Ugali wa muhogo uliotoka kijiji cha Simbo, migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese, na kisamvu, ambacho sisi tulikiita sombe. Tulikula ukumbini, kwenye mkeka, sinia moja.

Kabla ya kula lilipita bakuli. Alianza Mama Mkubwa. Alitumbukiza mikono, akaisugua mara mbili, akalisukuma kwa Ramadhani. Ramadhani akanawa, akanisukumia. Mimi nikanawa, nikamsukumia Shabani, ambaye kwa wakati huo alikuwa ananawa vumbi letu sote. Hakuna aliyeona ajabu. Mkubwa hatanguliwi na mdogo, basi. Sabuni ilikuwepo, ila ilitoka baada ya kula, maana mawese hayatoki kwa maji matupu na hakuna aliyetaka kulala ananuka mgebuka. Siku hizi nikiwahadithia vijana ofisini kwamba tulinawa kwa sabuni tukishashiba, wanacheka mpaka wanashika meza. Nami nacheka nao. Lakini yeyote aliyekaa kwenye mkeka ule angekwambia kwamba bakuli lile halikuwa la kuondoa uchafu. Lilikuwa la kuhesabiana. Ukishika maji baada ya Ramadhani na kabla ya Shabani, unajua wewe ni nani hapo nyumbani, na kwangu mimi, niliyekuwa nimefika pale kwa mlango wa nyuma, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mgeni ndiye aliyekuwa hanawi kwenye bakuli. Mgeni alinawishwa. Mmoja wetu alisimama na birika, akammiminia maji juu ya mikono, bakuli likakaa chini kukinga. Na sabuni ilitoka mapema kwa ajili yake. Mama Mkubwa alikuwa na neno lake: "Mgeni hanawishi, hunawishwa. Birika ni la wenyeji." Ukikosea ukamwachia mgeni birika, ungelisikia neno hilo wiki nzima.

Neema aliingia darasani kwetu mwanzoni mwa mwaka, akakaa dawati moja nami kwa sababu lilikuwa na nafasi. Baba yake alikuwa bwana afya, amehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, na walikaa kwenye nyumba za watumishi wa serikali kule Mwanga. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, na aliongea Kiswahili chake cha baridi, polepole, kila neno limevaa koti. Alitushangaa, nasi tulimshangaa. Wiki ya pili aliniuliza kwa nini nasugua meno asubuhi kwa kijiti nisiyasugue usiku. Nikamwambia usiku meno yanalala. Alicheka hadi mwalimu akatutoa nje wote wawili, na kule nje, tumesimama juani, ndipo urafiki ulipoanza.

Alinipeleka kwao siku moja ya Jumamosi. Nakumbuka chumba kile cha kulia hata leo: meza yenye kitambaa cha plastiki, viti sita ingawa wao walikuwa watatu, redio juu ya kabati. Maji ya kunywa yalichemshwa, yakachujwa, yakatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na juu ya kifuniko kulikuwa na kikombe cha kuchotea ambacho hakuna aliyekinywea. Kwenye bomba palikuwa na sabuni, na kwenye misumari ukutani taulo tatu, kila moja na mtu wake. Nilinawa mpaka kwenye viwiko, nikiogopa. Tulipewa kila mtu sahani yake. Baba aliuliza masomo, mama alisema usiegemee meza, redio ilisema habari. Neema alisogeza wali wake upande huu, akausogeza upande ule, akala vijiko vinne. "Mama, nimeshiba." "Umekula nini ukashiba?" Kila siku yalikuwa hayo, aliniambia baadaye, na kila usiku alipewa kijiko cha dawa ya kumletea hamu ya kula.

Nilipokuwa narudisha sahani jikoni nilimsikia mama yake akimwambia msichana wa kazi, "Hicho usikichanganye na vingine, hicho ni cha Mwamvua." Kilikuwa kikombe cha kijani. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamwambia Mama Mkubwa kwamba kwa kina Neema nina kikombe changu peke yangu. Akaniangalia, akaendelea kuchambua dagaa. "Ego," akasema. Hiyo ni ndiyo ya Kiha, nayo ikitoka kinywani mwake ilikuwa na maana zaidi ya kumi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua ile ilikuwa ipi.

Kisha Neema akaanza kuja kwetu. Mara ya kwanza Mama Mkubwa alihangaika kama aliyeletewa mkaguzi, maana bwana afya mwenyewe aliwahi kupita mtaani akawaagiza watu wachimbe vyoo upya. "Mtoto wa Bwana Afya huyu! Ataenda kusema nini kwao? Ramadhani, birika! Mwamvua, sabuni!" Neema akanawishwa kama bibi harusi. Akaketi kwenye mkeka, miguu haijui iende wapi, akamega tonge la kwanza likamvunjikia, la pili likafika. Halafu akala. Jamani, alikula. Alikula ugali, akala sombe, akamnyonya mgebuka kichwa mpaka Shabani akalia kwamba kichwa ni chake. Hatukumbembeleza wala hatukumhesabia matonge. Ukizubaa kwenye sinia la watu watano unabaki na njaa, na nadhani hakuna dawa ya hamu ya kula inayoishinda hiyo. Baada ya mwezi mmoja shingo ya kuku ilikuwa imepata nyama, na baba yake, hajui lolote, akaisifu ile dawa ya kijiko.

Sasa nimekuwa mtu mzima mwenye presha. Daktari wangu Morogoro ni kijana mwema, huniuliza nakula chumvi kiasi gani, mafuta gani, nalala saa ngapi. Hajawahi kuniuliza nakula na nani. Nachemsha maji, nanawa kwa sabuni kabla ya kula, nasugua meno usiku, yote niliyoyaona kwa kina Neema nayafanya. Kisha nakaa mezani peke yangu na sahani yangu moja, nasogeza wali upande huu, nausogeza upande ule. Ningetoa nusu ya miaka iliyobaki nirudishwe kwenye mkeka ule jioni moja tu, mikono minne imeshanitangulia kwenye kitoweo.

Karibu katikati ya mwaka, Neema aligoma. Ramadhani alikuwa amesimama na birika kama kawaida, naye akaificha mikono mgongoni. "Kwa nini mimi tu?" akauliza. Tulidhani anatania, kumbe machozi yanamlenga. "Nyie wote mnanawa pamoja. Mimi nakuja hapa kila siku, nachota maji, nachambua dagaa, Shabani namwogesha. Lakini ikifika kula, mimi mgeni."

Tukamgeukia Mama Mkubwa. Alikuwa anaogopa. "Mwanangu, baba yako..."

"Baba hayupo hapa."

Ramadhani, ambaye hakuwahi kuliacha neno zito bila kulipunguza uzito, akaliweka birika chini. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miezi. Haya, Neema, umezaliwa mwezi gani?" Akataja. Mimi nikataja wangu. Alikuwa ananizidi miezi miwili. "Basi," Ramadhani akatoa hukumu, "mimi, halafu Neema, halafu Mwamvua, halafu Shabani." Nilipinga. Kaka alikuwa amenishusha daraja mbele ya macho yangu, na maji yangu yalikuwa yamezidi kuwa machafu kwa mtu mmoja. Lakini nilipoona namna Neema alivyotumbukiza mikono yake mirefu mle ndani, taratibu, huku akitabasamu na machozi hayajakauka, nikanyamaza. Aliliinua bakuli kwa mikono miwili akanipa. "Zamu yako, mdogo wangu." Kuanzia siku hiyo hakusema "kwenu" tena. Asubuhi shuleni aliniuliza, "Nyumbani jana kumepikwa nini?"

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa fujo. Vyoo vya mtaani vikajaa, maji ya kisimani yakabadilika rangi, na watoto wakaanza kuharisha nyumba hadi nyumba. Shabani aliharisha siku mbili akapona, akaendelea kukimbia. Hakuna aliyemtoa kwenye bakuli, wala kwenye sinia. Mtoto mgonjwa utamtengaje? Siku chache baadaye dawati letu likawa na mtu mmoja. Neema amelazwa, tukaambiwa, anatapika na kuharisha, ametundikiwa dripu mkono huu na mkono huu. Nilikwenda hospitali nikazuiwa mlangoni. Nilirudi kwa miguu mpaka Ujiji na sikumbuki hata nyumba moja niliyoipita.

Kesho yake bwana afya alikuja. Alivua kofia, akasalimia, akakataa kiti. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Mama Mkubwa alikuwa jikoni uani, hivyo aliyekuwepo ukumbini kumpokea nilikuwa mimi.

"Wewe ndiye Mwamvua?"

"Ndiyo, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Neema akija hapa, kabla ya kula ananawa wapi?"

Bakuli lilikuwa nyuma yake, limeegemea ukuta. Niliwaza hospitali, niliwaza vyoo vilivyoamriwa kuchimbwa, niliwaza kwamba Neema akifa tumemuua sisi. Nikasema, "Tunamnawisha, Baba. Kwa birika na sabuni. Yeye ni mgeni."

Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwenyewe ameniambia ananawa na ndugu zake," alisema.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlango wa ua, na alikuwa amesikia. Alipita mbele yangu, akaliokota bakuli, akalishika mbele ya yule mzee kama mtu anayekabidhi ushahidi. "Bwana Afya, mtoto amesema uongo kwa hofu. Ananawa humu, na sisi. Nilikataa, halafu nikakubali. Kosa ni langu."

"Sikuja kugombana, mama. Nilitaka nijue." Akatueleza, kwa sauti ya chini: maji yatiririke, sabuni iwe kabla, ya kunywa yachemke. Alieleza vizuri, bila dharau. Mlangoni akasema kwamba Neema anaendelea nafuu, ila kuja huku, tutaona. Mama Mkubwa akamsindikiza hadi barabarani, akarudi, akakaa kwenye mkeka. Nilitegemea kofi kwa ajili ya uongo. Hakunipiga. "Umemfukuza mwenzio nyumbani kwake," akasema.

Neema alirudi shuleni amekuwa mwembamba kuliko alivyokuja. Alihamia dawati la mbele. Nilimfuata wakati wa mapumziko nikiwa na maneno niliyoyapanga usiku kucha, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kwa adabu zote, "Hawajambo kwenu?"

Kwenu. Nikasema hawajambo.

Yaliyotokea nyumbani hakuwahi kuyaona. Jioni iliyofuata siku ile ya bwana afya tulikaa tukisubiri bakuli, na Mama Mkubwa akaja na birika. Akaliweka bakuli chini, akamwita Shabani. Mama mzima, mwenye mgongo wa kuinama juu ya dagaa tangu alfajiri, akasimama akamnawisha kitindamimba, kwa sabuni, wa kwanza kabisa. Kisha mimi. Kisha Ramadhani, ambaye aliona haya mpaka akataka kumnyang'anya birika. "Mama, unatunawisha sisi? Watu watasemaje?"

"Wataona wageni wamejaa," akasema. "Leo humu wote wageni. Yule mtoto akirudi asijikute yuko peke yake." Alinawa yeye wa mwisho. Majirani walisema kweli, walisema amerogwa na bwana afya, anawatumikia watoto. Naye kila jioni, tukiisha kunawa, alitazama mlango kidogo kabla hajasema bismillahi. Nilijua anamtazamia nani, na nilijua ni mimi niliyeufunga mlango ule.

Mwaka ulipoisha baba yake Neema alipata uhamisho. Nilisikia kwa watu. Nilikimbia mpaka Mwanga nikakuta nyumba tupu, misumari mitatu ukutani bila taulo, na kwenye dirisha la jikoni kikombe cha kijani. Walichukua vyote wakaacha hicho. Nilisimama nikakitazama, ndipo nikaielewa ile "ego" ya Mama Mkubwa, na nikaelewa pia Neema alikuwa amelia nini siku ile alipoficha mikono. Nyumba zetu mbili, moja yenye sabuni na moja yenye mkeka, zote zilikuwa na namna ya kumwambia mtoto wewe si wetu, na zote zilidhani zinamheshimu.

Nilifika Kasingirima siku ya kuanua matanga. Ua ulijaa mikeka na kanga. Shabani amekuwa baba wa watoto wanne, ana kitambi, na Ramadhani kichwa kimekuwa cheupe. Nilimlilia Mama Mkubwa chumbani kwake, penye harufu ya dagaa ambayo hakuna udi ulioiweza, nikatoka. Kwenye kona ya ua, katikati ya wanawake wasiomjua, alikaa mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kanga mbili kama mwenyeji lakini amekaa kama mtu asiyejua miguu iende wapi.

"Nilimtafuta mwenyewe, nikapata namba yake," Ramadhani alininong'oneza. "Mama aliniusia. Alisema akifa, yule mtoto aambiwe."

Nilikaa karibu naye. Tulishikana mikono. Anafundisha shule ya msingi huko kwao, ana wajukuu wawili, baba yake alifariki zamani. Tuliyasema hayo yote haraka, kama watu wanaoondoa vyombo mezani. Kisha nikasema lile moja. "Neema, nilimwambia baba yako kwamba wewe ni mgeni."

"Najua. Alinieleza nikiwa bado kitandani." Akaitazama mikono yake. "Nilikukasirikia sana, Mwamvua. Zaidi ya ugonjwa. Ugonjwa uliisha."

Binti mkubwa wa Shabani alikuwa anapita na birika na sabuni, akakinga bakuli lile lile, lenye kovu jeusi. Alimwona mgeni, akapiga goti mbele ya Neema. "Shikamoo, mama. Karibu unawe."

"Marahaba, mwanangu. Lakini umekosea zamu." Neema aliashiria kwa kidevu. "Aanze Ramadhani. Mimi nanawa baada yake, kabla ya huyu."

"Hapana, mama," binti akasema, "hapa tunaanza na wadogo, nao wameshanawa. Bibi ndivyo alivyotufundisha."

Neema akanigeukia. "Tangu lini?"

"Tangu ulipougua," nikasema. "Alikuwa anakusubiri. Hakutaka ukija unawishwe peke yako."

Alilia bila kujifuta, na wale wanawake wasiomjua wakamwachia nafasi, maana msibani hakuna anayeulizwa analilia nini. Kisha akanyoosha mkono akalichukua birika kutoka kwa yule binti, akapiga goti kunielekea.

"Mgeni hanawishi," nikamwambia.

"Najua," akasema Neema. "Lete mikono, mdogo wangu."